Lori Limewaka, na Jioni Wananisubiri

Alhamisi, mwezi wa saba. Baridi ya asubuhi imepungua, upepo haujapungua.

Kuna jambo moja nimelificha kuhusu lori la kijiji chetu. Nimelificha tangu nikiwa na nywele nyeusi, na mtu pekee aliyelijua pamoja nami yuko kaburini. Maadamu lori lilikuwa limekufa, siri ilikuwa salama. Leo, kabla ya saa sita mchana, lori limewaka.

Mimi ndiye niliyetaka liwake. Hakuna aliyenilazimisha.

Ninaandika nikiwa kitandani, mito miwili mgongoni, kompyuta ya Tabitha juu ya mapaja. Ndiye binti yangu aliyenifungulia ukurasa huu baada ya mama yake kufariki. Alisema, "Baba, andika, utachoka kuongea na kuta." Tangu hapo nimeandika kuhusu zabibu zinazooza kwa kukosa mnunuzi, kuhusu vumbi, na kuhusu miguu yangu inayovimba. Sijui wasomaji wangu ni wangapi. Baadhi ni wanafunzi wangu wa zamani, maana hunisahihisha tahajia kwenye maoni, nami nafurahi kwamba kuna kitu kilibaki vichwani mwao.

Moyo wangu umechakaa. Daktari alinieleza kwa upole, akizungukazunguka, lakini nilifundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi na najua pampu iliyokwisha inavyokuwa. Sitegemei kuziona mvua zijazo. Kwa hiyo nilijipa kazi mbili tu: lori liwake, kisha niseme ukweli wake mbele ya watu. Nilitaka zifuatane hivyo kwa sababu najijua. Bila lori kunguruma mbele yangu ningeendelea kusubiri kesho mpaka kesho zenyewe ziishe.

Kazi ya kwanza imekwisha. Ya pili ndiyo inayonitoa jasho.

Kwa msomaji asiyetufahamu: kijiji chetu kipo ng'ambo ya Buigiri, Dodoma, na lori ninalolisema ni la jeshi. La Kiingereza, magurudumu sita, la petroli, rangi yake ya majani makavu. Juu ya kibanda cha dereva kuna tundu la mviringo ambamo zamani askari alisimama na bunduki. Jeshi lilipomaliza kazi nalo likaja kwetu. Likabeba nafaka, mawe ya kujengea shule, wagonjwa, maharusi na mbuzi, wakati mwingine wote kwa pamoja.

Baadaye ikaja miaka ya mambo kugeuka. Mali za ushirika zikaanza kuuzwa moja moja: mashine ya kusaga, mizani, hata mabati ya ghala. Watu wenye mashati mapya walifika kutoka mjini wakiuliza kuna nini kingine. Wazee wakaketi, wakaamua lori lisionekane. Lilikuwa uani kwangu, kwa kuwa nilikuwa katibu wa kijiji. Wakalipandisha juu ya mawe, wakatoa magurudumu, kisha wakajenga tembe kulizunguka. Miti, udongo, paa la udongo, bila mlango. Mgeni akipita aliona nyumba ya Kigogo iliyompa mgongo. Mbuzi wangu walilala wakiegemea ukuta ule kwa miaka.

Watu wakalisahau. Shemeji yangu Ndahani hakulisahau.

Ndahani amemwoa dada yangu mdogo. Ni mfugaji, hajui kusoma, na hajawahi kunionea haya hata siku moja. Aliacha tundu ukutani la kupenya mtu mwembamba, na kila kiangazi aliingia na chupa ya mafuta. Mimi nilidhani anapaka bawaba za milango. Mwaka huu ndipo nimejua kwamba alikuwa anafungua plagi, kama alivyomwona dereva akifanya, na kumimina mafuta ya alizeti ndani ya injini. Kwake hesabu ilikuwa wazi. Ngozi isipopakwa mafuta hukakamaa, na chuma nacho ni hivyo hivyo.

Tulimleta fundi Msafiri kutoka Kizota mwezi wa tano. Ana maneno mengi kuliko spana. Siku ya kwanza aliingiza kidole kwenye tundu la plagi, akakitoa, akakinusa, akatugeukia.

"Nani alikuwa anapika humu?"

"Mimi," Ndahani akajibu, kifua mbele. "Nililitunza."

"Hukulitunza, mzee. Umelikaanga. Hii injini imeiva."

Ndahani alinuna siku nzima. Ni kweli mafuta yalikuwa yamegeuka ulimbo na kuzishika pistoni zote, lakini ni kweli pia kwamba ndani hapakuwa na kutu hata chembe. Fundi alitaka lori livutwe na trekta mpaka injini izunguke itake isitake. Nikakataa. Nilimwambia tumimine mafuta ya taa yaliyochanganywa na tina ya kuyeyushia rangi, tuwe na subira, ulimbo uyeyuke wenyewe. Tulibishana mpaka nikakohoa. Nilishinda kwa sababu mgonjwa habishiwi. Kuugua kuna faida zake.

Tulisubiri wiki tatu. Kila alasiri Ndahani alikuja kuijaribu hendeli ya kuzungushia injini kwa mikono yake miwili, akatukana kwa Kigogo, akarudi kwa ng'ombe wake. Halafu siku moja hendeli ikasogea upana wa kidole. Alipiga kelele kama mtu aliyepata mjukuu.

Kazi nyingine zikafuata. Nyigu wa udongo walikuwa wameziba kila kilicho na tundu: ekzosi, mipira, mabomba ya petroli. Tangi tulilisuuza kwa kokoto. Na vipuri! Siku hizi za soko huria maduka yamefurika, utapata hata taa ya gari ambalo hakuna mtu Dodoma analo, lakini ukitaja platini za kutoa cheche za lori hili muuzaji anakutazama kama umemwomba jino la simba. Fundi akazipiga msasa zile zile za zamani. Breki alizifanyia maarifa ambayo sikutaka kuyajua.

Juzi tulibomoa ukuta. Nilikaa kwenye kiti nikatazama. Udongo ulianguka, jua likaingia, na lile lori likatokea na uso wake bapa kama mzee aliyeamshwa usingizini. Kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilihisi baridi.

Jana magurudumu yalirudishwa na lori likashushwa kutoka kwenye mawe. Leo asubuhi fundi alifunga betri ya gari lake. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kikohozi. Mara ya tatu likanguruma, likatoa moshi mweupe, na kwa kuwa ndani bado kulikuwa na mabaki ya alizeti, kijiji kizima kikanuka maandazi. Watu walitoka majumbani wakicheka. Bibi mmoja aliuliza chai iko wapi.

Halafu likazima.

Likawashwa tena. Dakika chache, likazima. Fundi akasema ni pampu ya petroli, akaanza kupanga spana kwenye gunia ili aifungue yote. Nikaomba nisogezwe karibu, liwashwe mara moja zaidi. Nikasikiliza. Halikukatika ghafla. Lilififia, kama mtu aliyebanwa pua.

"Fungua kifuniko cha tangi," nikamwambia.

Alipokifungua tulisikia wote: hewa iliingia kwa mvumo mrefu. Petroli haiwezi kutoka ikiwa hewa haiingii, hilo nililifundisha kidato cha pili kwa chupa na kizibo. Kifuniko kina kitundu kidogo cha kupumulia, na nyigu walikuwa wamekiziba kwa udongo. Ndahani akachuma mwiba wa mgunga, akakizibua. Likawashwa. Halikuzima tena.

"Ndiko nilikokuwa naelekea, mzee," fundi akasema.

"Kwa njia ya Singida?" Ndahani akamuuliza.

Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kabisa, miguu yangu iliyovimba juu ya kigoda, lori likinguruma, na nikasahau kilichokuwa kinafuata.

Ndahani akafungua mlango wa dereva. Akafuta kiti kwa shuka lake mwenyewe.

"Mbukwa, Dereva," akanisalimu kwa Kigogo, kama ndiyo kwanza tunaonana. "Panda."

Dereva ndilo jina langu hapa. Kwenye vyeti nina jina jingine, lakini kijijini hata wachungaji wa mbuzi huniita hivyo. Nililipata mwaka wa njaa, lori hili hili lilipofika na mahindi ya msaada kutoka mjini katikati ya mvua, na dereva wake wa kweli amelazwa hospitali kwa malaria. Walinikuta mimi nyuma ya usukani. Habari hiyo husimuliwa kwenye harusi na kwenye misiba. Waliokuwa wadogo wakati ule huniambia, "Tusingekuwepo." Sasa halmashauri ya kijiji imekubaliana kwamba lori likipona liandikwe DEREVA mbele, kwa rangi nyeupe. Tabitha ameonyeshwa hata mchoro wa herufi.

Walininyanyua, wakaniketisha. Usukani ulikuwa unatetemeka na ukaitetemesha mikono yangu. Fundi akapanda upande wa pili.

"Klachi, gia, twende zetu," akasema. "Udereva hauzeeki, mzee."

Mbele yangu kulikuwa na ukuta uliobomolewa, na watu wamesimama pande mbili wakiniachia njia. Chini kulikuwa na pedali tatu. Nilizitazama.

Nikaweka mkono kifuani. Nikasema, moyo.

Ulikuwa uongo. Moyo wangu asubuhi ya leo ulikuwa umetulia kuliko siku zote za mwezi huu. Walinishusha kwa upole ulioniumiza, mmoja kichwa, mmoja miguu, kana kwamba mimi ni yai. Na Ndahani akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Pumzika. Jioni jua likipungua utalitoa mwenyewe. Hakuna atakayekaa kiti hiki kabla yako."

"Mzee, mimi nina leseni," fundi akajaribu.

"Leseni yako irudishe mfukoni. Wewe mwaka wa njaa ulikuwa wapi?"

Sasa Ndahani amekaa kwenye ngazi ya lori, anakula ugali aliopelekewa na Tabitha. Namsikia kutoka hapa akiwafukuza watu wasiguse mlango. Analilinda kwa ajili yangu.

Kwa hiyo lori lipo zima, na halitasogea hata hatua moja mpaka mimi niseme.

Nimelala nikatafuta mlango wa kutokea, siwezi kudanganya. Naweza kushika kifua tena jioni. Wataniamini. Naweza kushika kifua kesho na keshokutwa mpaka kifua chenyewe kitimize nilichokisingizia. Kisha watanibeba kwenda makaburini kwa lori hilo hilo, jina lile limeandikwa mbele, na Ndahani akilia waziwazi.

Hapana. Hilo nimelikataa. Sikutoa ulimbo kwenye injini ile ili nije kuzikwa na ulimbo wangu mwenyewe.

Tabitha ameingia na dawa za saa tisa. "Baba, umewatisha watu."

Nikamuuliza kama mama yake aliwahi kumwambia habari za lori la mahindi.

"Mama? Hakuwahi. Alikuwa anacheka tu. Ukitajwa udereva wako anacheka mpaka anafuta machozi na kanga." Akanipa maji. "Nilikuwa nasema huyu mama anampenda sana huyu baba."

"Alinipenda."

"Basi meza dawa."

Ametoka. Ameacha mlango wazi kidogo, anadhani sijaona.

Sasa niandike.

Mwaka ule tulikwenda mjini watatu: dereva, mimi katibu wa kupokea mahindi, na mke wangu Salome aliyekuwa anakwenda kung'oa jino. Dereva akaanguka kwa homa siku ya pili, akalazwa, hakutambua mtu. Mahindi yalikuwa tayari yamepakiwa. Nyumbani watu walikuwa wanachemsha mizizi, na mtoto wa jirani yetu alikuwa amezikwa siku tuliyoondoka. Mvua ilikuwa inanyesha, na kila saa iliyopita makorongo yalikuwa yanajaa. Nilisimama pale bohari nikiwa na digrii yangu, sijui la kufanya.

Tuliondoka wawili.

Barabara haikuwa na mtu. Wapakiaji walibaki mjini, na wenye akili zao walikuwa majumbani. Sitausahau mkono ule kwenye gia, jinsi ulivyokuwa hauna haraka. Baba yake Salome aliendesha trekta kwenye mashamba ya Kongwa, na alimfundisha akiwa msichana mdogo kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume wa kumfundisha. Alipoolewa aliambiwa aache kuyasema hayo, si mambo ya mke wa mwalimu. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliomwambia.

Tulifika korongo la mwisho, kijiji kinaonekana ng'ambo, maji yanapita kwa nguvu. Salome akazima injini, akashuka na fimbo kupima kina, akafuata ukingo kwenda juu kutafuta pa kuvukia. Mimi nikasogea kwenye kiti chake ili nipige honi watu watusikie. Wakasikia. Wakavuka wakiwa wameshikana mikono, mstari mrefu, wakanikuta pale, mikono kwenye usukani.

"Mwalimu ameleta mahindi!"

Wakaniteremsha, wakaninyanyua juu. Nikiwa huko juu mabegani mwao nikamwona Salome anarudi, gauni limelowa mpaka kiunoni. Akasimama. Akatutazama. Kisha akacheka, akaenda nyuma ya lori, akajitwika debe la mahindi kama wanawake wengine na kuingia majini.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mto ulikuwa na kelele, lakini si kelele za kumzuia mtu kusema jina la mke wake.

Maji yalipopungua, dereva alikuja akalivusha lori. Kila nilipoombwa kuendesha baada ya hapo nilipata sababu: miwani, mgongo, kazi za ofisi. Nyumbani Salome alikuwa ananiambia, "Dereva, nipe chumvi," bila ubaya wowote. Mara moja nilimuuliza kwa nini hasemi. Akajibu huku anachambua mchele, "Mahindi yalifika. Wewe ndiye mwenye shida ya jina."

Alipofariki niliandika mwenyewe wasifu wake, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia. Niliandika alipozaliwa, alipobatizwa, kwaya aliyoimba, shamba la zabibu, watoto aliowalea. Nikaupitia tahajia mara mbili. Ulisomwa uani, umati mkubwa, hatua chache kutoka kwenye ukuta uliolificha lori. Msomaji alihitimisha kwa kusema kwamba marehemu alikuwa mke wa Dereva, na watu wakaitikia kwa heshima, nami nikainamisha kichwa kama mfiwa.

Ndahani anagonga dirisha. "Dereva! Jua limepungua."

Nimemwita Tabitha aje anishike mkono. Nitatoka kwa miguu yangu. Nitasimama mbele ya lori, nitasema kwa Kigogo ili bibi zetu wasikie bila kutafsiriwa, na hapo ndipo fundi atatoa leseni yake mfukoni. Ndahani huenda akanitukana. Ana haki. Ninaliandika hapa kwanza, na kulituma kabla sijainuka, ili nisipate pa kurudi.

Sijawahi kuendesha gari maishani mwangu. Aliyeleta mahindi ni mke wangu, Salome.